Mwaridi wa Uani na Michungwa ya Kasongo

Kwa siku nyingi tumebeba moyoni swali la kijana mmoja, na leo twajaribu kulijibu.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya mafundisho ya wakatekumeni. Tulikuwa tukifagia lupango na kutafuta mahali pa kupanga matofali, kwani mvua ilikuwa karibu na matofali yalikuwa bado nje. Pembeni mwa ukuta wa nyumba yetu pana mwaridi mzee, mrefu kupita mtu, wenye maua mekundu hafifu ambayo hunukia sana wakati wa asubuhi. Kijana mmoja akainua panga aukate. Mwenzake akamshika mkono. Ndipo yule wa kwanza akatugeukia akasema: "Mwalimu, maua haya si yetu. Vitu hivi vya bustani vililetwa na wauza watu, na nyuma yao wakaja wakoloni. Hata michungwa ya Kasongo ni yao. Mbona twavibembeleza? Tuukate, tupate nafasi."

Tulimwambia aweke panga chini. Lakini kumwambia mtu aweke panga chini siyo kumjibu. Kijana huyu hakuwa mtundu. Alikuwa amesoma habari za zamani, na zilimuuma. Basi tulichukua muda, tukasoma, tukauliza wazee, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Bustani za Kasongo ya kale

Tuanze na yaliyo wazi. Mwaka 1869 Daktari Livingstone alipofika Kabambare, ambayo katika vitabu vyake aliita Bambarre, wafanyabiashara wa pembe kutoka pwani hawakuwa na miaka mingi katika nchi ya Maniema. Vidonda vya miguu vilimshika kule Kabambare tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871, asiweze kwenda mbele. Mwenyewe aliandika kwamba alipokuwa Maniema aliisoma Biblia nzima mara 4. Habari hiyo twaisikia kwa furaha. Lakini mengine aliyoyaandika ni ya machozi: vijiji vilivyochomwa, watu waliofungwa minyororo shingoni, na mambo ya tarehe 15 Julai 1871 katika soko la Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Siku ile watu wa pwani waliwapiga bunduki watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni walipokuwa wakikimbilia mitumbwi.

Karibu na mwaka 1875 Hamed bin Muhammad, yule aitwaye Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao yake. Mji ukakua upesi. Njia yake ilikuwa ndefu: kutoka pwani mpaka Ujiji kwa miguu, kuvuka ziwa Tanganyika kwa mashua na mitumbwi, kisha kwa miguu tena kupita Kabambare mpaka Kasongo na Nyangwe. Kwa njia hiyo pembe na watumwa walitoka, na nguo, shanga, baruti na bunduki ziliingia. Mbegu na miche viliingia pia.

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Serikali ya Leopoldi, wakiongozwa na Dhanis, waliuteka mji wa Kasongo. Alikuwapo pamoja nao daktari Mwingereza jina lake Hinde, naye mwaka 1897 alitoa kitabu juu ya vita hivyo. Alistaajabia mji ule. Ghala zilijaa mchele, kahawa na mahindi. Bustani zilikuwa zimepandwa vizuri, na kila upande palikuwa na machungwa matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi. Chumba alichokaa kilikuwa na mlango wa kutokea katika bustani ya michungwa, na mbele yake aliona nchi mpaka mbali.

Tukisoma maneno hayo tu, tutadhani kwamba Kasongo ilikuwa paradiso ndogo. Lakini yafaa tuulize neno moja ambalo daktari yule hakukawia juu yake: nani aliyeshika jembe?

Watu wa pwani katika Maniema walikuwa wachache. Waliofyeka pori, waliolima mpunga, waliochota maji kumwagilia miche, walikuwa watumwa na watu waliotiwa chini ya nguvu zao. Yaani watu wa nchi hii na wa nchi za jirani. Hata mbegu haikujileta. Ilikaa katika mzigo, na mzigo ulikaa juu ya kichwa au bega la mpagazi. Bwana wa bustani alikaa barazani akala chungwa. Aliyepanda mchungwa ule hakuandikwa jina lake popote.

Mji ule wa kale leo waitwa Tongoni. Ni neno la Kiswahili: tongo ni mahali palipokaliwa na watu, kisha pakahamwa. Katika miaka ya karibuni wataalamu wa mambo ya kale walipita huko na Kabambare, wakichunguza mabaki ya ardhini na kusikiliza habari za wazee. Kila mkaaji wa kwetu ajua kwamba katika tongo nyumba huanguka, paa huoza, udongo wa ukuta hurudi kuwa udongo, lakini miembe husimama. Mtu akitaka kujua babu zake walikaa wapi, hutafuta mwembe. Basi miti hudumu kuliko majumba ya wakubwa, na hudumu pia kuliko majina ya wadogo waliowekwa kuipanda.

Ua lililotangulia kwa harufu

Waridi lina habari yake. Mungu ameumba aina nyingi za miwaridi ya porini, zaidi ya 100, lakini zote asili yake ni upande wa kaskazini wa dunia: Uchina, Uajemi, Ulaya, Marekani ya kaskazini. Katika Afrika kusini ya jangwa la Sahara, mwaridi wa porini ni ule wa milima ya Uhabeshi na nchi za jirani zake, wenye maua meupe. Katika misitu na mbuga za Maniema haumo. Kwa hiyo kila mwaridi unaouona Kasongo au Kabambare, ujue kwamba uliletwa na mkono wa mtu.

Lakini kabla ya mti, lilikuja jina, na pamoja na jina ikaja harufu. Neno "waridi" limetoka katika Kiarabu. Katika nchi ya Omani, juu ya mlima uitwao Jabal Akhdar, wakulima hupanda waridi la Dameski katika mashamba yaliyokatwa ngazi kwa ngazi mlimani. Maua huchumwa kati ya Machi na Mei, alfajiri, kabla jua halijakausha harufu yake. Hutiwa katika chungu juu ya moto. Mvuke hupanda, hukutana na chombo chenye maji baridi, nao hugeuka matone. Matone hayo ndiyo marashi. Waomani waliotawala Unguja, hasa tangu Sultani Said alipohamishia makao yake huko karibu na mwaka 1840, walikuwa na desturi hiyo, na watu wa pwani wote waliijua: mgeni akifika nyumbani hunyunyiziwa marashi kwa mrashi, vivyo hivyo arusini na mazishini.

Lugha iliyolibeba neno hilo ndiyo iliyokuja mpaka kwetu kwa njia ya misafara. Huku wengi husema "roza", kwa sababu ua lenyewe tulilizoea siku za Wabeleji, kwa Kifaransa. Majina mawili ya ua moja: moja limetoka mashariki, moja limetoka magharibi. Kwa majina hayo tu waweza kusoma habari za Maniema.

Na sisi Wakristu tuna neno la tatu. Rozari, ambayo mabibi zetu hushika mkononi hata vidole vikikauka, jina lake ni la Kilatini, na maana yake ya kwanza ni bustani ya mawaridi. Katika Litania, Mama Maria aitwa Waridi lenye fumbo. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, aliyefanywa msimamizi wa misioni mwaka 1927, huchorwa akishika mawaridi kifuani. Sanamu yake watu huiona na kuiheshimu, wala hawaulizi ua lile lilipitia mikono ya nani. Kijana wetu ndiye aliyetulazimisha kuuliza.

Kisiwa cha Bourbon

Ili kumjibu inatupasa tutoke Maniema kidogo, twende katika Bahari ya Hindi, kwani huko ndiko ulikozaliwa ukoo mmoja mkubwa wa miwaridi ya kale.

Zamani miwaridi ya Ulaya ilikuwa na desturi moja: mingi ilitoa maua mara moja tu kwa mwaka, baada ya majira ya baridi. Miwaridi ya Uchina ilikuwa na desturi nyingine: ilitoa maua tena na tena, mwezi kwa mwezi, wala haikuhitaji baridi kali. Mwaka 1792 na 1793 aina mbili za Uchina zilianza kujulikana Uingereza, na nyingine mbili zikafuata mwaka 1809 na 1824. Tangu hapo wenye bustani walianza kuchanganya damu ya pande zote mbili.

Lakini mchanganyiko mmoja haukufanywa na mtaalamu yeyote. Ulitokea wenyewe, katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo chaitwa Réunion, mashariki ya Madagaska. Wenye mashamba huko walizungushia viwanja vyao wigo wa miwaridi, kama sisi tunavyozungushia minyaa. Walipanda aina mbili: waridi la Dameski na waridi la Uchina. Nyuki hawajui mipaka ya wanadamu. Walichukua unga wa ua hili wakaupeleka kwa lile, na kati ya miti ya wigo ukaota mche usiofanana na mwingine. Karibu na mwaka 1817 Mfaransa Bréon, mtunza bustani ya serikali kisiwani, aliuona, akatambua kwamba ni kitu kipya. Baada ya muda mfupi alipeleka mbegu Ufaransa kwa Jacques, mtunza bustani wa Mtemi wa Orléans. Kutoka kwa mbegu hizo ukaja ukoo wote wa mawaridi ya Bourbon. Mwaka 1843, katika mji wa Lyon, ukoo huo ulizaa waridi liitwalo Souvenir de la Malmaison, ambalo bado lapandwa duniani kote.

Jina la Bréon limeandikwa. Jina la Jacques limeandikwa. Lakini twaulize tena lile swali la Kasongo: wigo ule ulipandwa na nani?

Kisiwani Bourbon siku zile wakazi wengi walikuwa watumwa. Walitoka Madagaska, Msumbiji na pwani yetu ya Waswahili. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa jina lake Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apate watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vile. Watu hao hawakuwa Wamaniema, kwani misafara ilikuwa bado haijafika kwetu. Walikuwa watu wa bara ya kusini, nyuma ya Kilwa. Lakini walikuwa ndugu zetu katika mnyororo uleule. Walipalilia kahawa na miwa, wakapunguza matawi ya wigo. Wala tusifiche neno la aibu: hata mapadri waliohudumu kisiwani walikuwa na watumwa. Utumwa ulikomeshwa huko tarehe 20 Desemba 1848.

Kisiwani humohumo, mwaka 1841, mtoto mtumwa wa miaka 12, jina lake Edmond, alivumbua namna ya kuzalisha maua ya vanila kwa kidole na kijiti kidogo. Wataalamu walikuwa wametafuta namna nyepesi kama hiyo wasiipate. Yeye jina lake limehifadhiwa, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Kwa huyo mmoja twaweza kufahamu kwamba mikono ile iliyofungwa haikuwa mikono mitupu. Ilikuwa na akili, uvumilivu, na macho ya kuona yanayotokea katika ua.

Shamba la lazima na bustani ya mama

Turudi sasa Maniema. Baada ya mwaka 1893 watu wa Kasongo na Kabambare hawakupumzika. Serikali ya Leopoldi ilitaka mpira, pembe na wapagazi. Baadaye, chini ya Wabeleji, mwaka 1917, ilitoka sheria ya kulimisha watu kwa lazima, na Maniema ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuwekewa pamba. Wazee wetu walisimuliwa na wazazi wao: shamba lapimwa, mbegu zatolewa, msimamizi apita kukagua, na asiyelima apata adhabu. Pamba ilikwenda mbali, na bei ilipangwa na wengine.

Katika miaka hiyo mtu alikuwa na mashamba mawili. Moja lilikuwa la serikali, hata kama lilikuwa katika ardhi ya ukoo wake. La pili lilikuwa kipande kidogo nyuma ya nyumba: mchicha, pilipili, ndizi mbili tatu, mpapai, dawa ya tumbo, labda na ua. Hicho hakikuandikwa katika daftari la msimamizi. Ndipo mahali ambapo mama alichagua mwenyewe apande nini na wapi. Mapadri na masista waliofika mwanzoni mwa karne ya 20 walipanda bustani kando ya nyumba zao, na kutoka huko wanawake waliofanya kazi au kufundishwa walichukua vijiti. Hawakununua. Waliomba, au walipewa, au, kama wazee wanavyosema kwa kucheka, waliokota kilichokatwa.

Hivi ndivyo mwaridi wetu ulivyofika. Mama mzee aliyetupa kijiti alikipata kwa mama mkwe wake, naye alikipata kwa masista. Jina la aina yake hakulijua mtu. Mama yule aliuita tu "roza ya mama mkwe".

Katika nchi nyingine watu wapendao miwaridi ya kale hufanya kazi ya kuitafuta. Wengi huita "ya kale" miwaridi ya koo zilizokuwapo kabla ya mwaka 1867, mwaka ambao Guillot wa Lyon alitoa waridi liitwalo La France, likahesabiwa mwanzo wa miwaridi ya kisasa. Baada ya hapo wauzaji waliacha nyingi za zile za zamani. Zilipotea katika maduka, lakini hazikupotea duniani. Watafutaji wamezikuta makaburini na nyuma ya nyumba za maskini, kwa mabibi ambao hawakuwa na fedha ya kununua kipya. Mawaridi yanayouzwa leo kwa wingi kutoka Kenya, hasa kando ya ziwa Naivasha, ni ya aina mpya. Yamechaguliwa kwa shina refu na kwa kuvumilia safari ya ndege, na mengi yamepoteza harufu. Harufu ya zamani imetunzwa nyuma ya nyumba.

Mti ulioungua ukachipuka

Vita vilipoanza mwaka 1998 sisi tulikuwa watoto. Tulikimbilia msituni pamoja na wazazi, kama watu wengi wa Kasongo na Kabambare, wala haikuwa mara ya kwanza kwa nchi hii: wazee walikuwa wamekimbia vilevile mwaka 1964, siku za Simba. Tuliporudi, nyumba ya mama yule mzee ilikuwa majivu, na mwaridi ulikuwa kisiki cheusi. Mvua ikanyesha. Baada ya majuma machache kisiki kikatoa vichipukizi vyekundu.

Jambo hili si mwujiza. Lina sababu, na yafaa kuijua. Miwaridi mingi inayouzwa leo imeunganishwa: tawi la aina nzuri limefungwa juu ya mzizi wa aina nyingine yenye nguvu. Ikiungua mpaka chini, kinachochipuka ni ule mzizi mgeni, na ua zuri limekwisha. Lakini mwaridi uliotoka katika kijiti husimama juu ya mzizi wake mwenyewe. Ukiungua, hujirudia wenyewe. Ndiyo sababu "roza ya mama mkwe" ilirudi ileile, kwa rangi na kwa harufu. Kutoka hapo ndipo tulipopewa kijiti chetu.

Msomaji atakayependa kupanda, na afanye hivi. Angoje mvua za kwanza, mwezi wa Septemba au Oktoba. Akate kijiti cha unene wa kalamu, chenye urefu wa shubiri moja, kutoka tawi lililokwisha kutoa ua. Aondoe majani ya chini, aache mawili ya juu. Akizike nusu katika udongo laini uliochanganywa na mchanga, kivulini, akimwagilie kidogo kila siku. Baada ya miezi miwili hivi, kikiwa na majani mapya, kimeshika mizizi. Basi akihamishe penye jua la asubuhi, katika shimo lenye mbolea ya mbuzi iliyooza. Adui mkubwa kwetu ni madoa meusi ya majani, ambayo huletwa na unyevu. Dawa ya kwanza ni nafasi: mti usisongwe na mingine, upepo upite. Maji yamwagwe chini, si juu ya majani. Majani yaliyoanguka yaokotwe na kuchomwa. Na msomaji asitafute ile miwaridi ya nchi za baridi, kwani bila baridi hukataa kutoa maua. Yenye damu ya Uchina ndiyo ya kwetu. Nasi twaamini kwamba ule wetu ni wa ukoo huo, maana hutoa maua karibu mwaka mzima bila kuona baridi.

Jibu letu kwa kijana

Sasa twaweza kurudi kwa yule aliyeinua panga.

Kwanza, alisema kweli. Michungwa na marashi vilikuja kwa njia ya wauza watu. Mwaridi ulikuja siku za watu waliotulimisha pamba kwa nguvu. Mtu akisema kwamba mateso yale yalikuwa mema kwa sababu yalileta machungwa, huyo amewatukana marehemu. Chungwa halilipi deni la mnyororo. Hata machungwa yote ya Kasongo hayalilipi.

Pili, alituuliza kwa Kiswahili. Hakufikiri juu ya jambo hilo, nasi pia hatukulifikiri siku ile. Lugha tunayosali nayo, tunayofundishia watoto, tunayouzia sokoni, ndiyo iliyokuja kwa njia ileile ya Ujiji na Kabambare, pamoja na bunduki na minyororo. Kama kila kilichopita njia ile hakina budi kukatwa, panga lianze na ulimi. Lakini ulimi huu si wa Tippu Tip tena. Waliotekwa waliusema, wakauimba, wakalelea watoto, wakaufanya wao. Tukiutupa, hatuwaadhibu wauza watu, ambao wamekwisha kuhukumiwa na Mungu. Twawanyang'anya tu waliotekwa kile walichofaulu kutuachia.

Tatu, na hili ndilo tuliloona zito kuliko yote. Kijana alidhani kwamba bustani ni ya yule aliyejivunia. Sisi twaona kwamba ni ya yule aliyemwagilia. Watu wale hawana kaburi lenye msalaba wala jiwe. Majina yao hayamo katika kitabu cha Hinde wala katika daftari za serikali. Jasho lao limo katika mti. Tukiukata mti kwa hasira juu ya bwana, tumefuta alama ya mwisho ya mtumwa wake.

Tulimweleza hayo Jumamosi iliyofuata. Alisikiliza, kisha akasema: "Lakini Mwalimu, hata hivyo majina yao hatunayo." Hapo hatukuwa na neno. Ni kweli. Ya wale wa zamani yamepotea, na kwa kuwa twamwamini Mungu, twasema kwamba Yeye anayajua. Lakini jina la mama aliyetupa kijiti lilikuwa bado linajulikana, na la mama mkwe wake pia, wala hakuna aliyekuwa ameliandika. Tulikwenda pamoja na kijana huyo nyumbani kwa mama, tukauliza, naye akayaandika mwenyewe katika daftari: nani alitoa kwa nani, katika kijiji gani, na karibu mwaka gani. Mama alicheka sana kuona kwamba ua lake laandikwa kama mtoto wa ubatizo. Kisha akanyamaza, akaanza kutaja na watu wengine.

Matofali tuliyapanga upande wa pili wa nyumba. Ilitubidi kuyabeba hatua 20 zaidi, na vijana walinung'unika.

Basi, ndugu wasomaji, mvua za kwanza zinapokaribia, twawaomba mambo mawili. Kama nyumbani kwenu pana mti wa zamani, wa matunda au wa maua, mwulizeni mzee aliyebaki: ulitoka wapi, nani aliupanda, nani alikupa? Msingoje, kwani wazee wanaondoka. Yaandikeni katika daftari, mahali pasipovuja. Kisha kateni kijiti, mpeni jirani, na mnapompa kijiti mpeni na jina.